Namna ya Kuishi kwenye Grupu la Ukoo Gonjwa Likiingia Mjini

Kwanza kabisa, usijitoe kwenye grupu. Utashawishika sana. Siku gonjwa jipya likitajwa kwenye taarifa ya habari, grupu la ukoo ambalo mwaka mzima lilikuwa la kadi za michango ya harusi na "asubuhi njema wapendwa" litaamka na jumbe mia mbili, na nusu yake zitakuwa za kutisha. Vumilia. Yule shangazi anayetuma sauti saa tisa usiku ndiye atakayekuja kukupikia uji ukiugua, na ukijitoa leo hutakuwa na njia ya kumfikia siku atakapoambiwa anywe kitu kitakachomuua.

Na watu wameshaambiwa hivyo. Mwaka 2020 mamia ya watu walikufa nchini Iran kwa kunywa pombe yenye methanoli, wengine wakiwa wamesikia kwamba pombe inaua kirusi cha korona mwilini. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hofu, na uvumi ukawafikia kabla ya daktari. Mwongozo huu ni wa janga lijalo, maana litakuja, na umeandikwa kutokana na yale tuliyoyaona kwetu kuanzia Machi 16, 2020, siku Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania, abiria aliyewasili akitokea Ubelgiji. Kenya ilikuwa imemtangaza wa kwake siku tatu kabla.

Anza na salamu, kwa kuwa huko ndiko ukoo utakakokupima. Mtu anayerudisha mkono nyuma mbele ya mjomba wake anaonekana ameingiwa na kiburi cha mjini. Wewe wahi. Ukiwa bado mlangoni, sema shikamoo kwa sauti kubwa, weka mkono kifuani, inama kidogo. Shikamoo imekamilika kwa mdomo; haikosi kitu mikono isipogusana. Machi 3, 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa, Rais Magufuli na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana Ikulu jijini Dar es Salaam kwa kugongana miguu, na picha ile ikazunguka nchi nzima. Wiki chache hizo, kijana aliyekataa kushika mkono alikuwa na wa kumtaja. Itunze picha kama hiyo ukiipata. Mzee anayekubishia wewe hatambishia kiongozi anayemheshimu.

Kunawa nako kusiwe hotuba. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo wake, lining'inize kwenye mti uliolala, funga kamba kwenye mfuniko na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Sabuni itoboe katikati, ipitishe kamba, ining'inie pembeni. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mikono haijagusa chochote. Kiweke njiani, mahali ambapo mtu hawezi kuingia ndani bila kukipita. Watoto watakifanya mchezo na dumu litaisha maji mara nne kwa siku. Wewe jaza tu. Hakuna bango la wizara litakalomnawisha mtoto wa miaka sita zaidi ya kijiti cha kukanyaga.

Sokoni nunua cha kukutosha. Ile miezi ya mwanzo malimau na tangawizi vilipanda bei mpaka mama lishe akashindwa kuweka tangawizi kwenye chai yake, na vitakasa mikono vikafichwa chini ya kaunta. Anayebeba boksi zima la vitakasa mikono dukani anawanyima majirani njia ya kujikinga, halafu majirani hao hao ndio anaopanda nao daladala. Daladala zilipoamriwa kubeba level siti, yaani abiria wa kukaa tu, na matatu za watu 14 kule Kenya zikaambiwa zibebe 8, waliochelewa ni walewale wanaolipwa kwa siku. Ukiwa na uwezo wa kubaki nyumbani, baki, uwaachie wao kiti.

Sasa tuingie kwenye sauti zenyewe, ambako kazi ni kubwa.

Sauti ya hatari utaijua kwa mwanzo wake: haina mwenyewe. "Jamani, huyu ni daktari, rafiki wa shemeji yangu, yuko ndani kabisa, amesema nisimtaje." Kisha inashusha amri. Shika pumzi sekunde 10, usipokohoa huna korona. Kunywa maji ya moto kila dakika 15, kirusi kitateremkia tumboni kife. Usiku wa leo helikopta za jeshi zitapita zikinyunyiza dawa, anueni nguo, fungeni madirisha. Ule wa helikopta ulizunguka nchi nyingi, umebadilishwa jina la nchi tu. Tazama juu ya ujumbe: ukiona mishale miwili iliyofuatana, umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Aprili 2020 WhatsApp walilazimika kuweka kikomo, jumbe za namna hiyo zisitumwe kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mara moja, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini mama mdogo hajali mishale. Yeye anaangalia nani kamtumia, na aliyemtumia ni dada yake.

Usimjibu mbele ya grupu. Usiandike "UONGO" kwa herufi kubwa ukabandika na kiungo cha makala ya Kiingereza. Mtu mzima aliyeumbuliwa mbele ya watoto wa ndugu zake atautetea uvumi kama anavyotetea jina lake. Mfuate pembeni, na ukimfuata usianze na kirusi.

"Shikamoo mama mdogo. Nimeisikia ile sauti. Imekutia hofu?"

"Marahaba mwanangu. Hofu itakosaje? Baba yako mkubwa ana presha na sukari, na kliniki yake ni wiki ijayo. Wanasema ugonjwa uko hukohuko hospitali."

Hapo ndipo penyewe. Helikopta haikuwa shida yake. Shida yake ni mume wa dada yake na foleni ya kliniki, na hakuna mtu aliyekuwa amemjibu hilo, kwa hiyo akashika kilichopita karibu. Mjibu hilo. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uliza. Uliza kliniki kama mzee anaweza kuchukuliwa dawa za miezi miwili kwa mkupuo na kijana mwenye afya. Mpelekee, uziache mlangoni, mpigie simu ukiwa nje ya geti. Jioni yake mwombe mama mdogo mwenyewe aandike kwenye grupu kwamba ile ya helikopta si kweli. Neno lake litasikilizwa kuliko viungo vyako vyote, na heshima yake itabaki palepale.

Tena, usipigane na kila uvumi. Mwishoni mwa Machi 2020, kule Kenya, watu waliamshana usiku wa manane kwa simu na kwa kugonga milango: eti amezaliwa mtoto aliyesema, akaagiza watu wanywe chai ya rangi bila sukari, ndiyo kinga. Majiko yakawashwa usiku huo. Wengi waliwacheka asubuhi, na kicheko kile hakikuwa cha haki. Kikombe cha chai kavu hakimdhuru mtu. Na hebu angalia kilichofanyika usiku ule: mtu anaamini amepata dawa ya ugonjwa unaoua, na kitu cha kwanza anachofanya ni kutumia salio lake kumwamsha ndugu aliye mbali. Ukiamshwa, amka, chemsha maji, kunywa na waliokuamsha, uwashukuru. Kesho yake una haki ya kuwaambia yako.

Nguvu zako ziweke akiba kwa uvumi unaojeruhi: wa kunywa vitu visivyonywewa, wa kuacha dawa za presha au za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu "mwili ujipumzishe", na wa kumfungia mtoto ndani ya mvuke.

Kwa nyungu nasema waziwazi, kwa kuwa ilipigiwa debe kuanzia ngazi ya juu kabisa ya serikali, na kwa kuwa bibi zetu walijifukiza tangu zamani na wataendelea. Mvuke wa mchaichai, majani ya mpera na mkaratusi unafungua pua na kumliwaza mtu aliyebanwa na mafua. Hauui kirusi. Mzee akiutaka, usimnyang'anye blanketi. Ipua sufuria jikoni, itue sakafuni mahali pasipoyumba, mwache mlango wazi, na awepo mtu pembeni. Mwenye pumu asiingie. Mtoto asiingie hata kwa kubebwa. Mwaka 2020 madaktari wa Birmingham, Uingereza, waliandika kwamba watoto walioungua wakifukizwa wameongezeka sana hospitalini mwao, na huko wanatumia bakuli mezani, sembuse sisi na sufuria la kilo kumi juu ya mafiga. Na nyungu isiwe sababu ya kuchelewa. Mgonjwa wa siku ya saba anayesema "naendelea vizuri" mwambie akutumie sauti ndefu kidogo, akusimulie alichokula. Sikiliza. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukatiza avute pumzi, sijambo yake usiiamini. Tafuta gari sasa hivi. Hii ndiyo kazi bora ambayo sauti za WhatsApp zinaweza kufanya, na hatukuitumia ipasavyo.

Msiba utafika. Kwetu kutokwenda msibani ni jambo linalokumbukwa miaka ishirini, na Aprili na Mei 2020, video za maziko ya usiku, watu wachache wamevaa mavazi meupe ya kujikinga, ziliwaumiza watu kuliko idadi yoyote ya wagonjwa. Kaa na ukoo mkubaliane mapema, kabla hajafa mtu, nani watakwenda makaburini kwa niaba ya wote. Rambirambi zitumwe kwa simu, siku ileile, pamoja na majina ya waliochanga ili wafiwa wajue nani yuko nao. Panga zamu za kumpigia mfiwa: huyu saa nne, yule saa kumi, mwingine baada ya isha. Na ahadi ya kukaa tanga gonjwa likipungua iandikwe kwenye grupu na itimizwe, hata ikipita miezi minane.

Ipo sehemu ya wakubwa pia, na wao wasome. Uvumi haukuanzia kwa mama mdogo. Aprili 29, 2020, Tanzania ilitoa takwimu za taifa za wagonjwa 480 na vifo 16, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Mei 3 Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi zikiwa na ugonjwa. Kama kipimo kina kasoro, nchi inastahili kipimo bora, na inastahili kuhesabiwa wagonjwa wake wakati kinatafutwa. Badala yake kila mtaa ukaanza kuhesabu wenyewe: kwa magari ya wagonjwa yaliyopita, kwa misiba iliyofuatana, kwa bei ya mitungi ya oksijeni. Aliyetuma sauti saa tisa usiku alikuwa anajaza nafasi iliyoachwa wazi na waliolipwa kuijaza. Februari 17, 2021 akafariki Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza hadharani kwamba ana korona. Tangazo lile lilikuwa ujasiri, na liliwafundisha watu wengi kuliko semina. Kiongozi akiugua, aseme. Idadi itangazwe kila siku saa ileile, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa ni ileile ya jana, na asemaye awe mtu mmoja anayejulikana kwa sura, anayekubali kuulizwa.

Mwisho zitakuja chanjo, na grupu litawaka upya. Watasema inafunga kizazi, watasema ina namba. Hapa hoja zitakuchosha bure, kwa hiyo tumia mkono wako. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya kamera, na palepale waliokuwa wakisema "wao mbona hawachanjwi" wakakosa la kuanzia. Kwenye ukoo wako rais ni wewe. Nenda mapema, vaa shati la mikono mifupi, piga picha sura na sindano vikionekana pamoja, itume. Usiandike maneno mengi chini yake. Kisha kwa siku tatu usizime simu, kwa sababu watakuuliza kama mkono unauma, kama umelala vizuri, kama umekula, kama bado uko hai. Mjibu kila mmoja, na yule wa saa tisa usiku pia.