Pongezi kwa Tangazo la Sabuni

Wanaolisema vibaya tangazo la sabuni hawana shukrani. Bila runinga, mama wa Dunda, Bagamoyo, angejuaje kufua? Tangu utotoni amekuwa akisugua makanzu na mashuka kwa kubahatisha tu, mpaka alipotokea bwana mwenye koti jeupe, mikono mikavu, akamweleza povu ni nini. Mama akatabasamu. Elimu ndiyo hiyo.

Tusizisahau na filamu zetu. Mle mke hulia, mamamkwe huroga, mchepuko hupaka rangi ya mdomo. Mume naye huingia na funguo za gari na kuuliza chakula kiko wapi. Kazi safi sana. Watunzi wametuepusha na mambo ya kuchosha macho: wanawake wanaobishania bei kwenye mnada wa samaki ufukweni Bagamoyo, kisha wakakaanga hadi jioni ili ada ya shule ipatikane, au wakulima wa mwani wa Mlingotini, wanaoinama majini kutwa. Nani akae sebuleni kutazama hayo?

Watatokea wabishi wamtaje Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, au Rais Samia, aliyeingia Ikulu Machi 2021. Haraka ya nini? Tangazo lina subira ya mzee wa baraza: halikurupukii habari mpya kabla hazijathibitishwa. Kwa sasa, mwenye doa kwenye kanzu amngoje bwana wa koti jeupe. Yuaja, mara tu baada ya taarifa ya habari.