Mvua ya Kulipia: Barua kutoka Reading

Ijumaa ya tarehe 20 Julai 2007 mvua iliinyeshea Uingereza kana kwamba ina kisasi nayo. Mto Severn ulifurika, mji wa Tewkesbury ukageuka kisiwa, na mtambo wa maji wa Mythe ukamezwa na mafuriko hata watu wapatao 350,000 wa Gloucestershire wakakosa maji ya bomba. Maji yalikuwa sebuleni, ngazini na ndani ya makabati. Bombani hamna hata tone. Jeshi likagawa maji ya chupa kwa watu waliokuwa wamesimama ndani ya maji.

Wiki moja baadaye, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Tewkesbury, wanawake wawili wa pwani yetu walikuwa kwenye foleni, tiketi mkononi, wakisubiri kuingia katika shamba lililolowa chepechepe ili walale humo kwenye hema. Walikwenda kwa hiari yao. Hilo lisemwe mapema, maana nyumbani kuna ndugu mpaka leo wanaodhani walihamishwa na serikali.

Mmoja ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Mwenzake ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Wanafanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee mjini Reading, zamu za usiku na za mchana, wanaitana shoga, na wanagombana kila wiki kuhusu nani aliyeutia tui mwingi wali wa nazi. Alhamisi hiyo, wakati wa chai, Mwingereza mmoja wa kazini aliangalia utabiri wa hali ya hewa, akaguna, akatangaza kwamba tiketi zake mbili za tamasha la WOMAD anaziuza nusu bei. Hapo ndipo palipokuwa na dalili ya kutosha kwa mtu mwenye akili timamu: mtu aliyezaliwa ndani ya mvua, akalelewa ndani ya mvua, anaikimbia mvua. Mombasa alimtazama Tanga. Tanga alimtazama Mombasa. Chai haijapoa, tiketi zimeshanunuliwa.

Wana kisingizio kimoja cha haki. WOMAD, tamasha la muziki wa dunia nzima, lilikuwa likifanyika Reading penyewe, kando ya mto Thames, tangu 1990 hadi 2006. Majira ya joto Mombasa alikuwa akifungua dirisha la jikoni akasikia marimba, magitaa na wanawake wasiojulikana wakipiga vigelegele, akaendelea kukaanga samaki wake. Hakuwahi kwenda. Tamasha lilipohamia Charlton Park huko Wiltshire mwaka huo wa 2007, kilomita zipatazo 90 magharibi, ndipo alipoanza kulisikitikia kama jirani aliyehama bila kuaga.

Ingekuwa Glastonbury, safari ya kukurupuka namna hiyo isingewezekana. Kule mwaka huohuo waandaaji walianza kudai mnunuzi ajiandikishe na kutuma picha yake, na sura hiyo ikachapwa kwenye tiketi ili kuwakomesha walanguzi. Huwezi kuamua kwenye chai ya Alhamisi kuwa Ijumaa utakuwa na uso wa mtu mwingine.

Basi wakafunga safari. Katika kigari chekundu kilichochoka waliingiza mkeka, sufuria, chapati za kutosha harusi ndogo, achari ya embe, kanga sita (leso, kwa mujibu wa Mombasa) na hema la kuazima ambalo hakuna aliyewahi kuliona likiwa limesimama. Viatu walichukua raba nyeupe. Mpya.

Barabara kuu ya M4 unaishika mpaka makutano ya 17, kisha unakata kaskazini kuelekea Malmesbury. Mji huo una abasia ya kale, na abasia hiyo ilikuwa na mtawa aliyeitwa Eilmer ambaye, karne ya 11, alijifunga mabawa mikononi na miguuni akajirusha kutoka juu ya mnara. Aliruka mwendo wa kama mita 200, akaanguka, akavunjika miguu yote miwili. Baadaye alieleza kuwa kosa lake lilikuwa dogo tu: alisahau kujiwekea mkia. Historia hii Tanga aliisoma kwa sauti kwenye kijitabu cha watalii walipokuwa wamekwama kwenye msongamano wa magari, na Mombasa akasema angalau yule alikuwa na mabawa, wao hawana hata gambuti.

Charlton Park ni mali ya familia ya Earl wa Suffolk. Jumba lao la mawe lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, na lilikuwa limesimama pale likitazama mahema maelfu kama bibi mwenye heshima zake aliyefumania wajukuu wakicheza kwenye kitanda chake. Nyasi zilikuwepo, wanasema. Mpaka Ijumaa jioni kilichobaki kilikuwa ni uji. Kila mahali miguu ilitoa sauti ya kunyonya, kwachu, kwachu, na ukisimama pahali pamoja ukasikiliza wimbo mzima, unaondoka na soksi tu. Raba moja ya Tanga ilibaki ardhini mbele ya jukwaa kuu. Nadhani ipo mpaka leo.

Sasa, watu wa nyumbani, kinachostahili kuelezwa si matope. Matope mnayajua. Ni Waingereza.

Kwetu mvua ikitanda, mambo yanasogezwa. Mkutano wa saa nne unakuwa wa saa sita, fundi haji, mwanafunzi anachelewa na mwalimu hamuulizi kitu kwa kuwa naye kachelewa. Mvua ni udhuru unaokubalika na pande zote. Kule shambani mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi, na hakuna aliyetoa udhuru. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mwavuli begani, akisoma gazeti lililokuwa likiyeyuka mkononi, na alipofika ukurasa ulioyeyuka zaidi akauruka kwa utulivu akaendelea na unaofuata. Watoto waliwekwa kwenye mikokoteni iliyofunikwa kwa plastiki na kuvutwa kama mboga za sokoni. Baba mzima aliteleza, akalala chali kwenye tope, akainuka, akamwomba radhi aliyekuwa amesimama karibu. Na mbele ya vyoo vya plastiki walipanga foleni iliyonyooka, ndani ya mvua, bila mtu hata mmoja kuruka nafasi. Mombasa, aliyezoea kivuko cha Likoni, aliitazama foleni ile kwa huzuni. Nafasi nyingi hivyo zinapotea bure!

Hema liligoma. Lilikuwa na vijiti saba na matundu manane, au vijiti vinane na matundu saba, mashahidi hawajaafikiana. Jirani mwenye ndevu kubwa, shati limeshikana na mwili, alikuja kusaidia. Alipomaliza alikuwa anatetemeka, kwa hiyo Mombasa akamtupia kanga moja ajifunge mabegani. Jamaa akashukuru, akazunguka nayo tamasha zima. Nyuma mgongoni kwa herufi kubwa ilisomeka: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Kufika Jumamosi adhuhuri wanawake watatu walikuja kuuliza nguo nzuri kama ile inauzwa wapi. Mombasa ni Mombasa. Kanga mbili ziliondoka kwa bei ambayo Biashara Street isingeiamini, na moja ilibadilishwa kwa jozi ya gambuti za kijani zilizomzidi Tanga mguu kwa namba mbili.

Ni hizo gambuti zilizomwezesha Tanga kupiga simu nyumbani, anasema, maana bila hizo asingefika kwenye kilima chenye mtandao.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona kelele? Uko sokoni?”

“Niko ngomani, mama. Shambani. Mvua inanyesha.”

“Ya harusi?”

“Ya kulipia.”

Mama akanyamaza. Wakati huo paundi moja ilikuwa kama shilingi 2,500 za Tanzania, na kimya kile kilikuwa cha mtu anayezidisha. Kisha akauliza kwa upole, kama unavyomuuliza mgonjwa, kama kazini wamempa likizo au wamemfukuza.

Lakini kuna jambo ambalo mama angelipenda. Jumamosi jioni, chini ya mti, wakila chapati na achari, walikaribishana na mzee wa Kiingereza wa miaka sabini na kitu aliyeuliza wametoka wapi. Tanga akataja Tanzania, akingoja swali la Kilimanjaro kama kawaida. Mzee akaruka kama aliyeng'atwa na siafu: “Remmy Ongala!”

Huyu mzee alikuwa na kila kitu. Alijua kwamba Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Alimwona mwishoni mwa miaka ya 1980, Matimila ilipozunguka na matamasha ya WOMAD. Alikuwa na albamu ya 1989, “Songs for the Poor Man”, na ile ya 1992, “Mambo”, zote zilizotolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, ambaye ni mmoja wa waasisi wa tamasha lenyewe na studio zake ziko kijiji cha Box, Wiltshire hiyohiyo. Tanga alisikiliza akiwa na chapati mdomoni. Kwake Remmy alikuwa sauti iliyotoka kwenye redio ya baba wakati yeye anataka kusikiliza kitu kingine. Kitu pekee alichoweza kumwongezea mzee ni kwamba Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy, na kondakta hukitaja kwa sauti mara mia kwa siku. Mzee alitoa kalamu akaandika. Akauliza kama mwezi wa Aprili ni mzuri kwenda kukiona. Akaambiwa Aprili ni masika.

“Watu hufanya nini ikinyesha?” akauliza.

“Wanaahirisha,” akasema Tanga.

“Wanaahirisha nini?”

Mombasa akamjibu: “Chochote ulichonacho.”

Mzee huyo ndiye aliyewapa pia kisa cha tamasha la kwanza, lile la Julai 1982 huko Shepton Mallet, Somerset. Walialikwa wapiga ngoma wa Burundi, wale ambao ngoma zao zilikuwa za mwami, yaani mfalme wao, na ambao mapigo yao vijana wa Uingereza walishayachukua bila hodi: Adam and the Ants na Bow Wow Wow walikuwa wameyatia kwenye nyimbo zao. Warundi walipanda jukwaani pamoja na bendi ya Echo & the Bunnymen ya Liverpool. Watu waliohudhuria walifurahi, ila hawakutosha. Nchi ilikuwa katikati ya mgomo wa madereva wa treni. Waandaaji wakabaki na deni la kutisha. Ikabidi wenzake wa zamani wa Peter Gabriel katika bendi ya Genesis wakutane naye tena jukwaani tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, kuchangisha fedha za kulilipa. Siku hiyo mvua ilimwagika kutwa. Watu wakaja. Deni likapata wa kulibeba, na wazee kama huyu wakapata cha kusimulia kwa robo karne.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri, kilichowashangaza mashoga hawa kwa wenyeji kina faida yake ya kibiashara. Nchi ambayo watu wake huja hata ikinyesha inaweza kukopa kwa ajili ya ngoma.

Jumapili usiku ilibidi waondoke, maana zamu ya Jumatatu huanza saa moja asubuhi na wazee wa Reading hawangojei uji kwa sababu ya WOMAD. Kigari kilikuwa kimezama mpaka kwenye ringi. Trekta lilikuwa likivuta magari moja moja, na mbele yao palikuwa na foleni. Mombasa alikwenda kuongea na dereva kwa lugha ya Likoni: alimsifia trekta, akamuulizia watoto, akampa chapati mbili zilizobaki. Dereva alizila zote, akashukuru sana, akamwonyesha mwisho wa foleni ulipo.

Walifika kazini na dakika tatu mkononi, tope likiwa limewakauka mpaka kwenye nyusi. Aliyewauzia tiketi aliwaangalia, akawaambia kwamba Reading mwisho wa wiki haukuwa mbaya hata kidogo. Hema likawekwa bafuni likauke. Kuhusu zile gambuti, mama alishapiga simu: kama huko hazina kazi tena, ziwekwe kwenye begi la kwanza linalokuja Tanga, mjomba wa Muheza ana miguu mikubwa na zake zimetoboka.