Mashua Kuukuu, Mashine Mpya: Mambo Saba, Tukihesabu Kushuka

Watu wengi huijua Ramisi kwa miwa. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988, lakini mto ule unaopita chini ya daraja la barabara ya Lunga Lunga bado unamwagikia ghuba ya Funzi, na huko kazi haijawahi kufungwa. Bodo, Shirazi, Funzi, hadi Mkunguni kule Msambweni, utakuta mashua zilizojengwa zamani ambazo mbao zake bado zinahimili na mashine zake ziko taabani. Mwenye mashua akishapata pesa za kununua mashine nyingine, washauri humjia wengi kuliko samaki. Nami najiunga nao. Naanza na dogo, namaliza na lile ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya yote.

7. Jina lililoandikwa kwenye kofia

Samaki hasomi kofia ya mashine. Wanaoisoma ni majirani. Pwani hii Yamaha imeota mizizi, hasa zile Enduro, na si kwa urembo: kampuni hiyo ilianza kuuza mashine za boti mwaka 1960, na mafundi wengi wa hapa wamejifunzia humo. Suzuki, Tohatsu na Mercury ni mashine za kweli pia. Parsun ya Uchina ni nafuu na ina wapenzi wake. Ukikutana na Evinrude ya zamani, salimia upite; kampuni iliacha kuzitengeneza mwaka 2020.

6. Umeme

Vijana wananiuliza sana. Kule Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, wavuvi wameanza kutumia mashine za betri, na nafurahi nikisikia. Lakini ziwa halina chumvi, wala maji yake hayapwi yakakuacha juu ya fungu la mchanga saa sita mchana. Kwa kuvusha watu kwenda Funzi na kurudi, safari fupi yenye mwisho unaojulikana, natamani mtu ajaribu hata kesho. Kwa anayekwenda kutafuta jodari Mkondo wa Pemba, bado. Huko nje hakuna pa kuchomeka waya.

5. Risiti

Mashine ya mkono wa pili si dhambi. Mashine isiyo na karatasi ndiyo balaa. Tazama kibati cha namba pale kwenye mabano ya kushikia: kikiwa kimekwaruzwa au kimebanduliwa, rudisha pesa mfukoni hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Namba ile iandikwe kwenye risiti, na risiti iwe na jina lako, si la shemeji.

Hili la jina nalisema kwa uchungu. Wavuvi wa asili ya Kipemba wamekaa Kwale na Kilifi vizazi na vizazi bila kitambulisho cha Kenya, hadi serikali ilipowatambua rasmi mwaka 2023. Bila kitambulisho hupati leseni ya uvuvi, hupati mkopo, na mali yako inabidi iandikwe kwa jina la mtu mwingine. Kwa watu hao, risiti ya mashine yenye jina lao wenyewe ni jambo la kuwekwa kwenye fremu.

4. Stroki mbili au nne

Hapa ndipo chai hupoa watu wakibishana. Ya stroki mbili hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ni nyepesi, ina vyuma vichache, na fundi mwenye spana nne na plagi mpya huweza kuifufua juu ya mchanga. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya petroli unayoinunua hutoka mbichi, pamoja na moshi, ikaelea juu ya maji unayovulia. Marekani ilitunga kanuni ya kuubana moshi huo mwaka 1996, na kufikia 2006 mashine za kabureta za aina hii zilikuwa zimekwisha kusukumwa nje ya soko lao. Huku kwetu bado zinauzwa mpya kabisa.

Ya stroki nne hula kidogo, haivutishi moshi mabaharia, na inakuacha usikie mwenzako anasema nini. Ila ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, na inataka kubadilishwa oili kila baada ya saa 100 hivi za kazi. Sio "tukijaaliwa". Saa 100.

Hukumu yangu haitoki kwenye mashine, inatoka kwa fundi. Mtafute kwanza fundi aliye karibu, muulize ni ipi anaifungua akaifunga bila kubakiza nati mkononi. Ukiwa Shirazi na fundi wa stroki nne yuko Mombasa, basi kila ugonjwa wa mashine yako una nauli, na kivuko cha Likoni ndani yake. Nunua ya stroki mbili, uchanganye kwa kipimo. Nyingi hutaka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na mpya kabisa hutaka mara mbili ya hapo kwa saa kumi za mwanzo. Kitabu cha mashine ndicho kinachosema; jicho la nahodha, hata liwe kali vipi, si kipimo.

Na yoyote utakayonunua, itazame inavyokojoa. Ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ndio unaokuambia kwamba pampu inapoza mashine. Masika mto Ramisi hushuka na tope jekundu, na tope lile husaga impela, yale mapezi ya mpira ndani ya pampu. Mchirizi ukiwa mwembamba, zima. Usingoje ufike nyumbani, maana hutafika. Impela ya akiba ni kipande cha mpira kinachoingia mfukoni, na bei yake haifanani hata kidogo na ya mashine iliyoungua.

3. Mguu mrefu au mfupi

Chukua futi. Pima kutoka juu ya ubao wa tezi, pale mashine itakaponing'inia, hadi chini ya mashua. Ukipata kama sentimita 38, mguu mfupi unakutosha. Ukipata 51, chukua mrefu. Watu wa ghuba ya Funzi hupenda mfupi kwa sababu ya mafungu ya mchanga, na nawaelewa. Lakini mguu mfupi kwenye tezi ndefu, wimbi la kusi likiinua nyuma, propela hutoka majini ikalia hewani, kisha ikaangukia maji kwa nguvu zote. Gia hazipendi mchezo huo. Mafungu ya mchanga yana dawa ya bure: inua mashine, shika upondo.

2. Farasi wangapi

"Nataka ya arobaini."
"Utaifunga wapi?"
"Nyuma ya mashua."
"Na mashua utaifunga wapi?"

Maongezi haya utayakuta katika banda lolote la BMU, ile jumuiya ya wavuvi inayosimamia ufuko, na mwenye swali la mwisho huwa mzee, naye huwa na haki. Mashua ya mbao, nzito, yenye mkuku mrefu, haipandi juu ya maji kama boti ya faiba. Inayasukuma. Chombo cha namna hiyo mwendo wake hufungwa na urefu wake majini: mashua yenye mita 7 majini hufika kama kilomita 12 kwa saa, na hapo imefika. Ukizidisha gesi, mbele inainuka, tezi inazama, nyuma yako unachimba bonde la maji, na mwendo haubadiliki. Kinachobadilika ni tangi.

Tuhesabu. Ya 40 ya stroki mbili, ikifunguliwa yote, hula karibu lita 20 kwa saa. Ya 15 hula lita 7 na ushei. Mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, tofauti yake ni kama lita 25. Tuseme lita ni shilingi 180: hiyo ni shilingi 4,500, kila siku ya kwenda baharini, ikikatwa kabla ya mgao. Haikatwi kwenye fungu la mashine peke yake. Inakatwa kwa baharia aliyeshika kamba tangu alfajiri, na yeye hakuulizwa unapenda farasi wangapi.

Utasema hutaifungua yote. Basi umenunua farasi wa kutazamwa, na mashine ya stroki mbili ikienda polepole kila siku hujaza masizi kwenye plagi. Kwa mashua ya mita saba inayovua ndani ya mwamba, ya 15 ni mashine kamili. Ukitoka nje wakati wa kaskazi, au ukirudi na upepo usoni, ya 25 inakupa akiba ya kuaminika. Ya 40 waachie boti za faiba, na zile za ringineti zinazobeba umati wa mabaharia.

Na tanga, tafadhali, lisigeuzwe turubai la kufunikia mbuzi. Mlingoti ubaki na foromali ibaki. Mashine ikizima, kaskazi inakusukuma kuelekea Vanga na mpaka wa Tanzania, na upepo huo huo, ukiwa na tanga, ndio utakaokufikisha pwani.

1. Tezi yenyewe

Ya 15 ya stroki mbili ina uzito wa kilo 36 hivi. Ya 40 inakaribia kilo 72. Uzito huo hauketi tu. Unatikisika, unavuta, na ukifungua gesi unausukuma ubao wa nyuma kwa nguvu zote zinazoisogeza mashua. Ubao ule una umri gani?

Chukua mpini wa nyundo, gonga tezi kuanzia juu hadi chini. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu. Uliooza unameza sauti. Kisha legeza bolti moja ya mashine ya zamani uitoe. Tundu likitoa maji ya kahawia, na ncha ya msumari ikazama pembeni mwake kwa kusukumwa na kidole gumba, usiendelee kuuliza bei za mashine. Mbao za mwembe, ambazo zimejenga vyombo vingi huku kwa sababu ya unafuu, huharibika hivyo kimya kimya chini ya rangi. Tazama pia mataruma ya mwisho na kalafati ya viungo vya nyuma: mtikisiko wa mashine hulegeza hapo kwanza, ndipo mtoto wa kufua maji anapoanza kulalamika.

Tezi mpya ya mvule, bolti za chuma kisichoshika kutu zilizopita hadi ndani, kipande cha ubao nyuma yake cha kugawa uzito, na kamba nene inayoifunga mashine kwenye taruma, ili mabano yakilegea isizame ikakuaga. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashua, na ilipwe kutoka kwenye pesa za mashine hata kama itakushusha kutoka ya 25 hadi ya 15. Msimu wa kusi, mashua zinapopwekwa kukalafatiwa, mwiteni fundi aanze na nyuma.