Namba Moja Isiyo na Orodha

"Mario" wa Franco na TP OK Jazz, kisa cha kijana msomi anayelelewa na mama mwenye fedha, ulitoka mwaka 1985 na ukatikisa Zaire nzima. Ulishika namba ngapi Masisi na Walikale, mashariki mwa nchi hiyo? Swali hilo ni la Uingereza, ambako nyimbo zilianza kupangwa kila wiki kwa mauzo mwaka 1952. Huku mwenye chati ni kijana wa kibandani mwenye kompyuta, anayejaza nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu kwa faranga chache. Koffi Olomidé, mzaliwa wa Kisangani aliyeujaza ukumbi wa Bercy jijini Paris mwaka 2000, kwenye kadi hiyo huweza kuitwa "Track 07" tu, na mgawo wake hauonekani popote.

Mwanamuziki naye si mjinga. Fedha ambayo kadi haimletei huitafuta kwa libanga: tajiri, mwanasiasa au mfanyabiashara analipa, jina lake linatajwa katikati ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, na harusi nzima inamcheza mtu isiyemjua. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo husikika kama orodha ya wageni waalikwa.

Simu yenyewe hutengenezwa kwa koltani, kama ile ya Rubaya, Masisi, na kwa bati, kama lile la Bisie, Walikale, lililokuwa likibebwa mgongoni kupita msituni. Wachimbaji wa madini hayo hawatajwi kwenye wimbo wowote wa libanga, hawajalipa.