Mshairi, Bastola na Kinukta Chekundu

Anayetaka kununua mpini wenye leza kwa ajili ya bastola ndogo ya mfukoni ningemshauri aanzie Brussels, Julai 10, 1873. Siku hiyo mshairi Mfaransa Paul Verlaine alinunua rivolva ya Lefaucheux ya milimita 7, ya risasi sita, katika duka la silaha kwenye ujia wa maduka wa Saint-Hubert. Mchana, keshalewa, akamfyatulia mpenzi wake Arthur Rimbaud risasi mbili ndani ya chumba cha hoteli, kisa kijana ameshikilia kurudi Paris. Moja ilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ya pili haikumgusa kabisa. Na walikuwa ndani ya chumba kimoja! Verlaine alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Bastola yenyewe ilipigwa mnada Paris mwaka 2016 kwa euro 434,500, bei ambayo wenye shabaha hawajawahi kulipwa.

Je, leza ingemsaidia? Nasema hapana, na sababu si pombe peke yake. Bastola ndogo ya kisasa, tuseme Smith & Wesson 642, ina uzito wa gramu 425 hivi, lakini kifyatulio chake kinadai nguvu ya kilo tano na ushee. Yaani kidole kinavuta zaidi ya mara kumi ya uzito wa kitu kilichoshikwa. Risasi haijatoka, mtutu umeshapinda. Leza haiunyooshi, inakuonyesha tu, kwa rangi ya kupendeza, namna unavyotetemeka. Kwa hiyo mpini uchaguliwe kwa umpini wake kwanza: ujaze kiganja, kidole cha mwisho kipate pa kukaa, swichi iangukie chini ya kidole cha kati bila kutafutwa. Tena kuna mipini inayotoa mwale ubavuni, palepale kidole cha shahada kinapopumzika, na mwenye nayo hulaumu betri kumbe taa kaiziba mwenyewe.

Wauzaji watajibu kwamba jambazi akiona kinukta kifuani atasalimu amri. Labda, kama ni jambazi mwenye desturi ya kukagua shati lake katikati ya ugomvi. Hoja ya macho ndiyo nzito: aliyevuka miaka hamsini huona kilengeo cha mbele ya mtutu kama ukungu, na nukta iliyo ukutani humfaa kweli. Hapo nakubali, ila Verlaine alikuwa na miaka 29.

Rangi isikuumize kichwa. Nyekundu hufifia juani, kijani huonekana zaidi, lakini kwa mawingu ya Brussels nyekundu inatosha sehemu kubwa ya mwaka. Kinachoumiza kichwa ni sheria ya Ubelgiji ya Juni 8, 2006: kubeba bastola kunahitaji kibali, na anayedai kujilinda lazima aonyeshe kwamba hatari inayomkabili ni ya kweli na kubwa, na kwamba silaha itaipunguza. Kuogopa tu giza la njia ya stesheni ya Midi hakutoshi. Atakayekipata kibali hicho ahakikishe silinda ni tupu, aelekeze leza kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, avute kifyatulio polepole. Kinukta kikiruka kila akivuta, arudishe leza na kuomba mpini mnene wa mpira.