Sizoni Isiyo na Stelingi

Mvuvi wa dagaa huishi usiku. Jua likizama anawasha taa zake anaingia majini, alfajiri anarudi mwaloni, mchana analala. Mwili ukishazoea hivyo hausomi matangazo ya serikali. Kwa hiyo Ziwa Tanganyika lilipofungwa tarehe 15 Mei 2024 kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, sisi wanawake wa Ikola tulipata msiba ambao hakuna mtaalamu aliyeutolea semina: wanaume wenye macho makavu ndani ya nyumba, usiku kucha, bila kazi.

Mzee wangu alianza vizuri. Akashona nyavu zote, akaziba paa, akapaka mtumbwi rangi. Nyavu zilipokwisha akahamia jikoni. Siku aliyouliza kwa nini nyumba ya watu saba ina vijiko kumi na kimoja, nilimpigia simu mpwa wake aliyeko Mpanda, nikamwomba kwa jina la Mungu amtumie mjomba wake filamu, nyingi kadiri awezavyo.

Flashi ikaja na gari la abiria, imefungwa kwenye karatasi ya sigara, ina vumbi la njia nzima. Tukakaa mkao wa kula. Sisi ni watu wa kibanda umiza. Tumekulia kwenye picha za mapigano zinazosimuliwa kwa Kiswahili na akina Lufufu, ambapo msimuliaji anakuonyesha mapema yupi adui na yupi stelingi, na sheria moja haivunjwi: stelingi hafi. Flashi ikafunguka. Ndani hamna Mchina wala komando. Kuna kitu kimoja tu kinaitwa The Wire, sizoni tano, vipande 60, Kiingereza kitupu.

Mpwa alipopigiwa simu kulalamikiwa, alijitetea kama wakili. Akasema hiyo ilionyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2002 hadi 2008, na kwamba walioitunga hawakukisia mambo. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa jiji hilohilo la Baltimore kabla hajawa mwalimu wa shule. Ni habari ya wauza unga na askari wanaowatafuta, akasema, lakini mvumilie. Neno hilo la mwisho mzee wangu alilipokea vibaya. Mvuvi haambiwi avumilie na mtu anayenunua samaki kwa kilo.

Tukamwita jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, awe msimuliaji. Alikuja na shati la kuchomekea. Kipande cha kwanza kinaanza na maiti barabarani na mpelelezi mmoja, McNulty, ameketi na shahidi anaulizia habari za marehemu. Marehemu alikuwa kijana wa kijiwe, kila Ijumaa wanacheza kamari, na kila Ijumaa fedha zikishakuwa nyingi anazikwapua na kukimbia. Wanamkamata, wanampiga, Ijumaa inayofuata wanamkaribisha tena. McNulty anauliza, sasa mlimruhusu wa nini? Jibu alilopewa sitalisema, mkalisikie wenyewe. Ila mama mkwe wangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni bila hata kuinua kichwa, alisema: "Kila kijiji kinaye wake." Akataja wa kwetu. Kuanzia hapo akasogeza kigoda.

Mwalimu alipata taabu. Kiingereza cha vijana wa Baltimore si kile cha mitihani ya taifa, na kwa kipande kizima cha pili alikuwa anasema "hapa wanasalimiana" hata pale mtu anapotishiwa kuuawa. Heshima yake ilikuwa inayeyuka mbele ya wanafunzi wake wawili waliokuwa dirishani. Kilichomwokoa ni tukio moja la kipande cha nne. McNulty na mwenzake Bunk wanaingia jikoni ambamo msichana aliuawa miezi mingi nyuma. Hawasemi kitu isipokuwa tusi moja, lilelile, kwa sauti tofauti: la kushangaa, la kukasirika, la kugundua. Mwalimu akawa anatafsiri kwa uaminifu: "Amesema neno baya. Mwenzake naye amesema neno baya." Lakini sebuleni hakuna aliyemhitaji. Tuliwaona wakipima kwa futi, wakitazama picha za maiti, wakigeukia dirisha, wakitafuta risasi ilikozama, wakitoka nje kufuata ganda lake kwenye majani. Mama mkwe akasema muuaji alikuwa amesimama nje, dirishani, na binti alikuwa anamfahamu. Alipatia yote. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kitu hiki kimeshika watu. Wenzangu nimewaona wakitazama tamthilia nyingi za uhalifu, na sizibezi. Wakenya wana Crime and Justice ya 2021, Sarah Hassan yule wa Tahidi High akiwa mpelelezi wa Nairobi, na kabla yake kuna filamu ya Nairobi Half Life ya 2012, ambayo kijana wake anaingia mjini akitafuta uigizaji akaishia kwenye genge. Ni kazi nzuri, na mtu wa huku anazifuata bila mwalimu. Lakini tamthilia ya kesi moja kila juma ina shida yake: inakupa mhalifu kabla ya kulala, unalala. The Wire hailazi mtu. Kesi moja inachukua sizoni nzima. Askari wanaomba vifaa hawapewi, wanaandika ripoti kwa mashine ya taipu, wanapewa ofisi ya chini ya ardhi na kundi la wafanyakazi ambao kila idara ilitaka kuwaondoa. Kuna mahali askari wanahangaika kupitisha meza mlangoni, wa ndani wanasukuma, wa nje wanasukuma, jasho linawatoka, hadi mmoja anagundua kwamba hawakukubaliana kama meza inaingia au inatoka. Mzee wangu alicheka hadi akapaliwa na chai. Alisema huyo aliyeandika amewahi kushusha mtumbwi na ndugu.

Basi tukabaki na swali moja kila usiku: stelingi ni yupi? McNulty ana akili lakini ni mlevi, na wanawe anawatumia kufuatilia mhalifu sokoni. Mama mkwe alimfuta siku hiyohiyo. Shemeji yangu akamchagua Stringer Bell, msaidizi wa bosi wa unga, mtu wa suti na miwani, anayesoma uchumi chuoni jioni ili akauze vizuri. Ndiye Idris Elba huyo, kabla ya kuigiza Mandela mwaka 2013. Mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Katika sizoni ya tatu Stringer anaitisha kikao cha wauza unga kwenye jumba la kuhifadhia maiti, mwenye kutaka kusema anyooshe mkono, mwenyekiti ampe nafasi. Kisha, katika kikao kingine, anamkuta kijana wake mmoja anaandika kumbukumbu za kikao. Mimi ni katibu wa kikoba. Nilivyomwona yule kijana anavyofokewa, na yeye ameambiwa kila kikao lazima kiwe na utaratibu, nilimwonea huruma ya kikazi.

Mama mkwe yeye alimchagua Wallace. Ni kijana wa miaka kumi na sita, anauza unga, anaishi kwenye nyumba iliyotelekezwa pamoja na watoto wadogo wasio na watu. Asubuhi anawaamsha, anampa kila mmoja boksi la juisi na pakiti ya vibanzi vya viazi, anawahimiza kwenda shule. Aliyemwigiza ni Michael B. Jordan, huyuhuyu wa Black Panther. Kila jioni kabla sola haijawashwa mama mkwe alikuwa anauliza, "Yule mtoto amekula?" Kipande kilichomhusu Wallace mwishoni mwa sizoni kilipopita, alitoka nje bila kuaga, na mzee wangu akaizima runinga mwenyewe. Hakuna aliyesema habari za stelingi usiku ule.

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe. Ziwa likifungwa, bei ya dagaa hupanda, na mzee wangu alikuwa ameweka magunia ya dagaa wakavu stoo akisubiri bei ya Mpanda inone. Siku moja akakuta gunia la nyuma limelegea. Zamani angetoka nje akapiga kelele, kibarua wa kwanza kupita angekiona cha moto, na jioni tungekuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Safari hii alirudisha mlango taratibu. "Hatumkamati mtu," alisema. "Tunajenga kesi."

Kikosi kikaundwa. Shemeji akawa mfuatiliaji, mtoto wetu wa kidato cha pili akawa mtunza kumbukumbu, mwalimu akawa mwendesha mashtaka. Ofisi ikawa banda la kuku, kwa sababu kikosi cha kweli hakikai pazuri. Mimi sikushirikishwa. Nilielezwa kwamba ni kwa ajili ya usalama wangu.

Mtoto aliandika kila aliyekaribia stoo na saa yake. Na kwa kuwa katika tamthilia vijana wa Baltimore huficha namba kwenye peja kwa kuruka tarakimu ya 5 katikati ya vitufe vya simu, 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, naye akaandika saa zote kwa fumbo hilo. Hakumwambia mtu. Baba yake akasoma daftari akaona mwizi anaingia saa 1 kila siku. Saa moja asubuhi anayeingia stoo ni mmoja tu, anafuata unga wa uji.

Niliitwa bandani. Mwalimu aliketi juu ya debe, kuku wanampita miguuni, akaniuliza saa moja asubuhi huwa wapi. Nikamjibu kwamba saa moja asubuhi huwa ninampikia uji mume wangu, ambaye akishashiba humtuma jirani aniulize maswali ya kijinga. Mzee akainamisha kichwa. Mtoto, kwa kuona mama yake anakwenda jela, akakiri habari ya fumbo. Moja ilikuwa tisa. Saa tisa alasiri, wakati mzee amelala fofofo na mimi niko kisimani.

Kesho yake saa tisa shemeji akaingia kazini, amevaa kofia hadi kwenye nyusi, nyuma yake mbwa wawili na watoto wa mtaa mzima wakimwimbia. Mama mkwe akatoka stoo na beseni limefunikwa kanga, akapita uchochoro, akaingia nyumba ya kibarua wa mtumbwi wetu. Akatoka. Akaingia ya kibarua mwingine. Nyumba zote hizo, tangu ziwa lifungwe, mwenye nyumba hajapata senti, maana kibarua hulipwa kwa mgawo wa samaki, na samaki hakuna.

Katika The Wire kuna mzee mmoja mpelelezi, Lester Freamon, anayeona kwamba kumfuata muuza unga wa kona hakukufikishi mbali. Yeye anafuata fedha. Fedha zinampandisha ngazi hadi zinafika kwa wanasiasa, na hapo wakubwa wanaamuru kazi isimame. Kikosi chetu kilifuata dagaa, dagaa wakakipandisha hadi kwa mama wa mkuu wa kikosi. Mzee alikwenda kumuuliza kwa adabu zote, mikono nyuma. Mama hakusimama kigodani. "Yule mtoto wa kwenye runinga yako aliwalisha wenziwe," alisema, "na wewe ukalia. Nilikuona." Mzee akarudi bandani, akachukua daftari, akalipeleka jikoni mwenyewe. Niliwashia moto siku mbili. Gunia la nyuma liliisha, na hakuna aliyeliulizia.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti tukiwa sizoni ya tatu. Mwezi huohuo redio ilitangaza kwamba Zanzibar imetenga ardhi kwa ajili ya Idris Elba kujenga studio za filamu, shemeji akasema Stringer hatimaye amepata biashara halali.

Wewe unayesoma, ukiipata, ianze mwanzo na usihukumu kabla ya kipande cha nne. Walaze watoto wadogo kwanza, matusi ni mengi na nguo wakati mwingine ni chache. Jaza betri ya sola mchana, usiku haitakuomba ruhusa kuzima. Watu wa Karema msikose sizoni ya pili, ni ya makuli wa bandari wanaoona kazi zikipungua, na ninyi mna bandari mpya. Walimu, ya nne ni ya kwenu. Na mkimkuta mzee wangu mwaloni, tafadhali, msimwambie kinachompata Omar, yule anayewapora wauza unga. Hajafika huko, na ameshaamua kwamba huyo ndiye stelingi.