Zima Redio Kwanza

Gari la gia likianza kulia wakati wa kuondoka, madereva wengi wa Babati wana dawa tatu. Ya kwanza ni kuongeza sauti ya redio. Ya pili ni kumwambia abiria wa mbele, "Usijali, ndiyo kawaida yake." Ya tatu ni kusimama kijiweni kuomba ushauri, na hapo kila aliyekaa kwenye benchi ni fundi. Mwisho wa yote pesa ya mbaazi inanunua gia boksi ya mtumba, na gari linaondoka gereji likilia vilevile.

Mwongozo huu ni wa asiyetaka kununua gia boksi ambayo haikuharibika. Vifaa vyake ni masikio na mguu wa kushoto. Stendi asubuhi hapafai kwa kazi hii. Tafuta sehemu tambarare yenye utulivu, fungua kioo, zima redio, na mwombe konda anyamaze kidogo.

Kwanza elewa kwa nini kelele huchagua sekunde ile ya kuondoka. Injini inazunguka, magurudumu yamesimama, na klachi ndiyo inayopatanisha wawili hao. Gia ya kwanza huzidisha nguvu ya mzunguko wa injini mara tatu na zaidi, kisha difu inazidisha tena. Kila kilicholegea katikati, iwe raba ya mauntingi, krosi ya propela au meno ya difu, huvutwa kwa mpigo mmoja. Ukishashika mwendo, vyote vimekazika na havisemi kitu. Ndiyo maana lami nzuri hudanganya. Tangu barabara ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa izinduliwe mwaka 2018, dereva anaweza kwenda mwendo mrefu bila kugusa gia ya kwanza, akaamini gari limepona. Akirudi kwenye vumbi la Galapo ndipo analisikia tena.

Sasa washa gari, liweke fri, vuta handibreki, na usiguse klachi. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi taratibu hadi chini. Kama mlio ulikuwepo na umenyamaza ulipokanyaga, shuku bering ya shafti ya mbele ya gia boksi. Kama palikuwa kimya na mlio ukaanza ulipokanyaga, hiyo ni bering ya klachi, na mara nyingi muuaji wake ni mguu uliokaa juu ya pedali safari nzima. Kipimo hiki hakina gharama, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Kubadili bering ya klachi ni lazima gia boksi ishushwe, kwa hiyo badili na diski na presha pleti kwa pamoja kama zimechoka. Kulipa ufundi wa kushusha gia boksi mara mbili kwa mwaka mmoja ni kuchezea hela.

Gari likisaga meno ukiingiza rivasi, usiligombeze. Magari mengi ya zamani rivasi yake haina kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia. Kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, ndipo uingize. Likisaga hata hivyo, au likisaga na gia ya kwanza, klachi haiachii vizuri. Angalia mafuta yake kabla ya kumlaumu mtu. Magari mengine hutumia kikopo kimoja kwa klachi na breki. Mafuta yakipungua humo, tatizo si la klachi peke yake.

Likitetemeka kama lina homa ukiachia klachi, diski imepata mafuta, au imeungua ikawa ngumu, au mauntingi zimekatika. Injini ikipanda mlio na gari halipandi, diski inateleza. Harufu ya kuungua itakuja yenyewe. Hapa nawasema wenye Canter: ukisimama mlimani na mzigo, shikilia gari kwa breki. Kulishikilia kwa nusu klachi ni kuchoma diski.

Mkwaruzo mwembamba kwenye gurudumu moja, hasa ukitoka barabara ya changarawe, unaweza kuwa kokoto iliyonasa kati ya diski ya breki na bati la nyuma yake. Hiyo hutolewa kwa bisibisi, na fundi mwaminifu hatakuuzia difu. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ambao unaisha ukikanyaga breki mara chache ni kutu tu.

Sauti ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya "kong'!" mara tu gari linapovuta. Zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, mwombe fundi aingie chini aishike propela kwa mikono miwili na kuipinda huku na huku. Tazama kwenye krosi. Ikiwa kuna unga mwekundu wa kutu umezunguka vikombe vyake, grisi iliisha zamani na sindano za ndani zimekauka. Upande mmoja ukicheza na mwingine umetulia, jibu umelipata, na krosi ni nafuu kuliko propela.

Ukifika gereji, mweleze fundi ulichosikia, kwenye pedali ipi na gia ipi. Usimwambie cha kubadili.

Na kama gari lako ni Canter linalopandisha ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Dongobesh, hiyo "kong'" usiipe hata wiki moja. Canter nyingi handibreki yake imefungwa nyuma ya gia boksi na hushika propela, si magurudumu. Propela ikikatika mlimani, handibreki haishiki kitu na gia haisaidii kupunguza mwendo. Unabaki na breki ya mguu peke yake, mzigo ukiwa nyuma na watu wakiwa chini. Kesho asubuhi, kabla hujapakia, hakikisha hizo krosi zimekaguliwa.